Matone ya bangi yaishie hukohuko ulikoyanunua

Ndugu zangu mlioko Maryland, Texas na kwingineko mnaojiandaa kuja Dar mwisho wa mwaka, fungueni kila mzigo mnaopewa kubeba. Kila boksi, kila soksi iliyokunjwa, kila kopo la vitamini. Shemeji anayekwambia "ni dawa tu ya magoti ya bibi" hana nia mbaya hata kidogo, lakini siye atakayesimama mbele ya maofisa mkishatua.

Mimi nilisimama. Ndani ya boksi la vitamini nililokabidhiwa likiwa limezungushiwa gundi ya karatasi, kilitoka kichupa cha kahawia cha mililita 30, chenye dropa ya mpira na lebo ya jani dogo la kijani. Ofisa alipokifungua ikapanda harufu kali ya spiriti, na nyuma yake ile harufu ambayo aliyekulia Manzese haulizi ni ya nini. Kichupa kikachukuliwa kwenda kupimwa, pasipoti ikashikiliwa, mjomba akaja kuniwekea dhamana, na likizo yangu ikaishia kwenye mabenchi nikirudia maelezo yaleyale. Maofisa walikuwa kazini, siwalaumu. Ninayemlaumu ni muuzaji wa kule Marekani aliyemhakikishia shemeji kwamba bidhaa ile unasafiri nayo popote.

Si kweli kwamba unasafiri nayo popote. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya umetaja bangi, utomvu wake, na pia dondoo na matone yanayopatikana kwa kuiloweka kwenye kileo. Hapa kwetu kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na chini ya sheria hiyo kuingiza nchini ni kusafirisha dawa za kulevya, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kadi ya daktari wa Maryland haikutoi. Risiti haikutoi. Herufi CBD (kemikali ya bangi isiyolevya) kwenye lebo hazikutoi. Usibebe kwenye begi la mkononi, usiweke kwenye begi kubwa, usitume kwa posta, usimpe mwenzako akubebee. Na usipokee mzigo uliokwisha kufungwa, hata ukitoka kwa mama yako mzazi.

Hata hukohuko Marekani mambo yana sura mbili. Maryland iliruhusu watu wazima kuanzia miaka 21 kununua bangi tarehe 1 Julai 2023, lakini sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, haikubadilika kwa sababu hiyo, na mambo ya uhamiaji yako chini ya shirikisho. Mwezi Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kumkosesha mtu uraia kwa kigezo cha tabia njema. Kwa hiyo wewe mwenye grini kadi, jirani yako Mmarekani akinunua na kuweka picha mtandaoni, usimuige. Yeye hana faili uhamiaji. Ongea na wakili kabla ya kununua, siyo baada ya kuulizwa kwenye usaili.

Nchi ile inanishangaza kwa hili. Duka la bangi linang'aa kama duka la simu, kijana wa kaunta anakuelekeza kwa sauti ya daktari ilhali hajasomea udaktari, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi au una karatasi gani za uhamiaji. Sisi tumezoea kwamba kinachouzwa dukani mchana kweupe ni salama na ni halali. Kule kila mtu anajilinda mwenyewe, na mgeni ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kama unaruhusiwa kisheria na umeamua kuyatumia matone hayo hukohuko, soma kwanza miligramu za THC, kemikali ya bangi inayolevya, siyo ukubwa wa chupa. Mililita 30 zenye miligramu 300 ni miligramu 10 kwa kila mililita, na anayeanza asizidishe miligramu 2.5, yaani robo ya dropa ya mililita moja. Usihesabu matone: tone la kileo ni dogo kuliko tone la maji, hivyo hesabu ya matone 20 kwa mililita itakudanganya. Pima kwa mistari ya dropa. Tikisa chupa, na ifunge vizuri, maana kileo kikiyeyuka kinachobaki kinazidi ukali.

Halafu subiri. Watu wengi wanaumizwa na haraka. Ukiyaweka chini ya ulimi unaweza kuyasikia ndani ya saa moja. Ukiyameza yanaweza kuchukua saa mbili, na yakifika yanakaa saa nyingi. Mtu anaona kimya, anaongeza, anaongeza tena, kisha yote yanamjia kwa pamoja: moyo unakwenda mbio, hofu, kutapika. Usiongeze siku hiyo. Usiongeze. Usiendeshe gari, usichanganye na bia wala dawa za usingizi, na kama unatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kifafa muulize mfamasia kwanza. Mjamzito asiguse. Chupa ifungiwe kabatini mbali na watoto, na mtoto akinywa, hospitali mara moja, ukiwaambia ukweli ni nini.

Wale wanaojitengenezea jikoni waache. Mvuke wa spiriti unashika moto kwa cheche ya jiko la gesi, na spiriti ya kuchomea ina methanoli inayopofusha macho.

Narudi kwa bibi, kwa sababu hili la ndugu linaniuma. Bibi zetu wengi wa Temeke na Magomeni hawajawahi kugusa pombe na wanaswali swala tano. Kumdondoshea kileo na bangi kwenye chai bila kumwambia ni kumdhulumu, hata ukifanya kwa mapenzi. Na mzee mwenye dawa za presha akipata kizunguzungu usiku akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika, hakuna wa kumweleza daktari alichopewa. Shemeji anayetaka kumsaidia magoti atume pesa, mjukuu ampeleke bibi kwa daktari wa mifupa pale MOI Muhimbili na orodha ya dawa zake zote mkononi.