Namna ya Kuambisha na Kutumia Kitenzi cha Kawaida cha Kihispania katika Wakati Uliopita

Tunaposema «nilizungumza», nafsi na wakati hujulikana kabla mzizi wa kitenzi haujatamkwa, kwa kuwa ni- na -li- hutangulia. Kihispania hufanya kinyume: mzizi hutangulia, kisha kiambishi kimoja cha mwishoni hubeba nafsi na wakati kwa pamoja, wala hakikatiki vipande viwili kama chetu. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kulizoeza sikio lake kungojea mwisho wa neno.

Chukua kitenzi hablar, yaani kuzungumza, uondoe -ar, ubaki na mzizi habl-. Nilizungumza ni hablé, ulizungumza ni hablaste, alizungumza ni habló, tulizungumza ni hablamos, mlizungumza ni hablasteis, na walizungumza ni hablaron. Vitenzi vinavyoishia -er na -ir vina nafuu kubwa, kwani katika njeo hii (yaani umbo hili la wakati) vinatumia viambishi vilevile. Kutokana na comer (kula) tunapata comí, comiste, comió, comimos, comisteis na comieron. Kutokana na vivir (kuishi) tunapata viví, viviste, vivió, na kadhalika. Umbo la hablasteis hutumika Hispania. Katika nchi za Amerika ya Kilatini hablaron hutosha kwa «mlizungumza» na «walizungumza» pia. Vilevile, unapomwita mtu usted kwa heshima, tumia umbo la nafsi ya tatu: usted habló.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mkazo, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili chenyewe hutupotosha. Karibu maneno yetu yote hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ni machache tu, kama barabara ya kupita na barabara yenye maana ya sawasawa, yanayotofautishwa kwa mkazo peke yake. Katika Kihispania tofauti hiyo imo ndani ya vitenzi vya kila siku. Hablo, kwa mkazo wa mwanzoni, ni «ninazungumza», lakini habló, kwa mkazo wa mwishoni, ni «alizungumza». Kosa moja la mkazo limebadilisha wakati na limebadilisha mtu. Hable nayo ni «azungumze», ilhali hablé ni «nilizungumza». Alama iliyo juu ya irabu si pambo, na anayeiacha anapoandika ameandika neno jingine. Nashauri maumbo haya yasomwe kwa sauti, mawili mawili, mpaka ulimi uache kurudi kwenye mazoea yake.

Hablamos na vivimos, hata hivyo, hazibadiliki hata kidogo kati ya wakati uliopo na uliopita, hivyo maana hutambulika kwa maneno yanayoandamana nazo, kama ayer (jana) au el año pasado (mwaka jana). Comer haina utata huo, kwa kuwa comemos ni «tunakula» na comimos ni «tulikula».

Tahajia nayo hugeuka kidogo mbele ya é ili sauti ya mzizi ihifadhiwe: buscar hutoa busqué, na llegar hutoa llegué. Mageuzi haya yako katika nafsi ya kwanza umoja tu.

Kuhusu matumizi, njeo hii husimulia tendo lililokamilika: Ayer comí a las ocho, «jana nilikula saa mbili». Tendo lililokuwa likiendelea, au lililokuwa mazoea, huchukua njeo nyingine, na mfano wake katika Kiswahili ni «nilikuwa nikila». Ndiyo maana Comía cuando llamaste ni «nilikuwa nikila ulipopiga simu»: kula kulikuwa kukiendelea, na simu ikaja mara moja. Wengi hudhani kwamba tendo la muda mrefu lazima lichukue njeo hiyo ya pili, lakini kipimo si urefu wa muda bali ni kama msemaji analitazama tendo likiwa limefungwa. Viví diez años en Madrid, «niliishi Madrid miaka kumi», ni sahihi kabisa, kwa sababu miaka hiyo imehesabiwa na imekwisha. Ila ukitaka kueleza kilichotokea ulipokuwa ukiishi huko, utaanza kwa Cuando vivía en Madrid.