Kabla hujaagiza SSD Dar, fungua mashine uone sloti yako

Msimu wa korosho hapa Mtwara hela ikiingia watu wananunua kompyuta za mtumba, halafu wanataka ziwe na kasi, wanatuma pesa Kariakoo wauziwe SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inapakiwa kwenye basi, ikifika haiingii. Yalinikuta mimi, niliagiza NVMe kumbe laptopu yangu inakula M.2 ya SATA (M.2 ni umbo la SSD ndogo bapa, NVMe na SATA ni njia mbili tofauti za diski kuongea na mashine), inauma jamani maana hata kurudisha mzigo unalipa wewe.

Kwa hiyo zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, gusa chuma kwanza mwili utoe umeme, ndo ufungue.

Ukikuta diski imeungwa kwa waya mpana bapa wenye tundu 40 hiyo ni IDE, njia ya kuunga diski ya zamani sana. Waya mwembamba ni SATA, imeanza 2003, toleo la tatu linafika kama MB 600 kwa sekunde. Toleo la pili ni 300 ila usiogope, SSD bado itafanya kazi na utaona tofauti kubwa na ile hard disk ya kuzunguka.

M.2 ndo inayowaliza wengi. Angalia pale kwenye pini kuna pengo kama la jino. Nyingi za NVMe zina pengo moja, za SATA mara nyingi mawili, lakini usitegemee pengo peke yake maana kuna NVMe za mapengo mawili, na kuna sloti ambayo SSD inaingia vizuri tu ila mashine haiioni, soma lebo na utafute modeli ya mashine yako inakubali nini. Urefu pia, 2280 maana yake upana milimita 22 urefu 80.

Kwenye deskitopu ukitaka kuongeza kadi, kadi ya PCI, aina ya sloti ya zamani ya 1992, haiingii PCI Express, sloti iliyochukua nafasi yake, hata ufanyeje. PCI kadi zote zinagombania njia moja ya MB 133 kwa sekunde, Express kila kadi ina njia yake, ndo maana ile ya zamani ikaachwa, na AGP ya 1997, sloti ya kadi ya picha, nayo ikaondoka hivyohivyo. Ila Express kwa Express zinaelewana, kadi ya toleo la 3.0 kwenye sloti ya toleo la 2.0 inapiga kazi kwa spidi ya ile ndogo.

Ukimaliza piga picha sloti na lebo ya diski ya zamani, mtumie muuzaji akujibu kwa maandishi kwamba inaingia, ndo utume hela.