Kupima Ngozi, Kichwa na Shingo ya Mgonjwa Mwenye Ngozi Nyeusi: Mwongozo kwa Muuguzi

Vitabu vingi vya uuguzi hueleza dalili za ngozi kwa rangi zinazoonekana kwa mgonjwa mweupe: wekundu wa uvimbe, ubluu wa kukosa oksijeni, umanjano wa ini. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi dalili hizo zipo, ila hutafutwa mahali pengine, na muuguzi asiyepajua mahali hapo ataandika "ngozi ni ya kawaida" kwenye faili la mtu ambaye damu imemwishia.

Andaa glavu, tochi, rula, pamba, kijiti cha kukandamizia ulimi na glasi ya maji. Mketishe mgonjwa karibu na dirisha, kwa kuwa mwanga wa mchana unashinda taa yoyote, na taa yenye mwanga wa njano huficha umanjano. Vuta pazia, eleza utakachofanya na uombe ridhaa. Mama aliyejitanda aombwe mwenyewe afunue nywele, na ajifunike tena mara unapomaliza kichwa. Muulize tatizo lilianza lini, linawasha au linauma, limeenea vipi, na ni dawa au vipodozi gani anavyotumia. Mkorogo uulizwe bila kukaripia, maana anayeona aibu atakana, nawe hutaelewa kwa nini ngozi ya uso imekuwa nyembamba au mashavu yameingia weusi wa kibluu.

Anza na rangi. Upungufu wa damu hutafutwa kwenye utando wa ndani ya kope ya chini, kwenye ulimi na kwenye viganja. Unapoangalia kiganja cha mtoto, kishike kikiwa kimefunguka bila kuvuta vidole nyuma, kwani kuvivuta huzuia damu na kukifanya kionekane cheupe kuliko kilivyo. Kisha kilinganishe na kiganja chako na cha mama yake. Umanjano huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu watu wengi weusi wenye afya nzuri wana madoa ya kahawia au unjano hafifu kwenye sehemu ya jicho inayopigwa na jua. Mwambie mgonjwa atazame chini, inua kope ya juu, uangalie sehemu iliyokuwa imefunikwa, halafu umulike kaakaa gumu. Ukosefu wa oksijeni uangaliwe kwenye ulimi na upande wa ndani wa midomo. Kucha husaidia pia, lakini si kwa bibi harusi aliyepakwa hina au piko, na hata kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma juu ya kiwango halisi kwa mwenye ngozi nyeusi, hivyo namba nzuri isikuzuie kumtazama mgonjwa anavyopumua.

Vidonda vya mgandamizo katika hatua ya mwanzo havitangulizi wekundu unaoonekana. Kwa mgonjwa asiyejigeuza, pitisha mgongo wa mkono kwenye kisogo, kifandugu na visigino, ulinganishe joto, ugumu na maumivu ya eneo hilo na ngozi ya jirani yake. Kupima upungufu wa maji kwa mtoto, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, uiachie: ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hali ni mbaya. Kwa mzee, au kwa mtoto aliyekonda sana, kipimo hiki hudanganya.

Baka lililopauka au lenye wekundu lisiitwe fangasi kabla ya kupimwa hisia. Sokota ncha ya pamba, mwonyeshe mgonjwa jinsi ya kuashiria kwa kidole alipoguswa, afumbe macho, kisha gusa ngozi isiyo na baka kwanza na baka baadaye. Asipohisi, fikiria ukoma, umwambie ageuze kichwa upande wa pili na utazame kama kuna neva iliyonenepa inayokatiza msuli wa shingo kuelekea sikioni. Mkanda wa jeshi unaogusa ncha ya pua au kope hupelekwa kwa mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo. Kwa mtu mwenye ualbino usiruke masikio, mdomo wa chini na nyuma ya shingo, ambako saratani inayotokana na jua hupenda kuanzia.

Kichwani, tenganisha nywele sehemu kwa sehemu utafute mapunye, chawa na makovu, na uandike kama nywele za mtoto ni nyepesi, zimepauka na zinang'oka bila maumivu, jambo linaloashiria utapiamlo. Utosi wa mtoto mchanga hupapaswa akiwa ameketishwa na ametulia, kwa sababu kilio peke yake huutunisha. Papasa taya: uvimbe unaokua haraka kwenye taya la mtoto huenda ni saratani ile ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958, na haisubiri. Kinywani tafuta utando mweupe na madoa ya zambarau au meusi kwenye kaakaa, na uangalie kama kimeo kimekatwa, hasa kwa mtoto anayetokwa damu au mwenye homa.

Shingo ya aliyeanguka au aliyepata ajali isiguswe wala kukunjwa kabla ya kuthibitishwa kuwa salama. Kwa wengine, mwenye homa ajaribu kugusisha kidevu kifuani. Akishindwa, mwite daktari mara moja. Papasa tezi za limfu kwa ncha za vidole, ukianzia mbele ya sikio na kuishia juu ya mtulinga. Tezi zilizoshikamana bila maumivu makali huleta shaka ya kifua kikuu. Halafu simama nyuma yake, ameze maji huku ukipapasa thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo: rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, la daraja la 1 hupapasika tu, la daraja la 2 huonekana shingo ikiwa katika hali ya kawaida. Usikandamize mishipa miwili mikubwa ya shingo kwa wakati mmoja.

Usiandike "shingo imevimba." Andika: "Tezi moja, juu ya mtulinga wa kushoto, sm 2, ngumu, haisogei, haiumi."