Mshahara wa mtafiti katika ombi la ruzuku Marekani: anza na miezi

Kazi yangu ni kuandaa bajeti za maombi ya ruzuku katika chuo kikuu kimoja huku Marekani. Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa watafiti ni wa maneno matatu tu: "Niwekee asilimia kumi." Nami huuliza: asilimia kumi ya nini? Wapo wanaoona nawasumbua, hasa wenzetu waliofika karibuni kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Lakini katika maombi mengi mshahara ndio fungu kubwa kuliko yote, na ukikosea hapo, kila hesabu inayofuata imeharibika.

NIH (Taasisi za Taifa za Afya) na NSF (Wakfu wa Taifa wa Sayansi), wafadhili wakubwa wa utafiti katika serikali kuu ya Marekani, wanapima muda wa mtu kwa miezi. Kwa hiyo kabla ya kugusa dola, chukua barua yako ya ajira uone mshahara wako ni wa miezi mingapi. Mwenye ajira ya miezi 12 akitoa asilimia 10 ya muda wake, anaandika miezi 1.2. Mwalimu mwenye ajira ya miezi 9 ya masomo, kwa asilimia hiyohiyo, anaandika 0.9, na miezi yake ya kiangazi inaandikwa kando.

Tuchukue profesa anayelipwa dola 90,000 kwa miezi 9. Kwa mwezi ni dola 10,000. Anataka miezi 2 ya kiangazi, yaani dola 20,000. Wengi huishia hapo. Bado kuna mafao: bima ya afya, pensheni, mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii. Tuseme ni asilimia 25, hiyo ni dola 5,000. Bado kuna gharama za uendeshaji ambazo chuo hudai kwa ajili ya majengo, umeme na ofisi kama yetu; tuseme asilimia 50 ya zile 25,000, yaani 12,500. Miezi 2 imefika dola 37,500, na huo ni mwaka mmoja tu wa mradi. Asilimia hizo nimezichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Za chuo chako ziulize ofisi ya utafiti, usizikisie wala usizichukue kwenye ombi la rafiki yako wa chuo kingine.

Sasa tuje kwenye mipaka. NSF kwa kawaida hairuhusu mtafiti mwandamizi kuombewa zaidi ya miezi 2 ya mshahara kwa mwaka, na hiyo ni kwa kujumlisha ruzuku zake zote za NSF. Kama tayari una mwezi 1 kwenye mradi mwingine wa NSF, umebakiwa na 1. Ukihitaji zaidi, eleza sababu waziwazi kwenye maelezo ya bajeti.

NIH ina mpaka wa aina nyingine: kiwango cha juu cha mshahara kinachoweza kutumika kwenye hesabu. Mwaka 2025 kilikuwa dola 225,700 kwa mwaka. Daktari anayelipwa 300,000 akitoa asilimia 20, yaani miezi 2.4, hatumii mshahara wake halisi. Asilimia 20 ya 225,700 ni dola 45,140, si 60,000. Zile 14,860 zinazobaki lazima zilipwe kwa fedha nyingine zisizo za serikali kuu, kwa hiyo mkuu wa idara azijue kabla ombi halijatumwa. Kiwango hiki hupanda mara nyingi ifikapo Januari. Hakikisha unatumia cha mwaka husika.

Kuna tabia moja inayoniuma: kupunguza miezi ili bajeti ionekane nafuu. Mtafiti mkuu anaandika miezi 0.5 kwa mradi wa wagonjwa, wakati kila anayesoma mpango wa kazi anaona utamtaka siku nzima kila wiki. Wataalamu wanaopitia maombi nao wanafanya utafiti; wanajua kazi inavyokula muda. Mbaya zaidi ni pale anapokatwa mtafiti msaidizi, yule atakayekusanya damu na kuingiza takwimu. Punguza safari za mikutano, punguza hata lengo moja la utafiti, lakini mtu anayefanya kazi alipwe kwa muda anaoufanya.

Mshahara wa karani wa idara usiuweke kama gharama ya mradi. Kwa kawaida tayari umo kwenye gharama za uendeshaji, isipokuwa mradi unamhitaji kwa namna ya pekee na umeeleza hivyo. Na kama una mshirika Tanzania au Kenya, mshahara wake uandikwe kwa kiwango halisi cha taasisi yake, si cha Marekani. Soma pia matangazo ya NIH ya tangu Mei 2025 kuhusu fedha zinazopelekwa taasisi za nje, maana utaratibu wa zamani ulisimamishwa.

Ruzuku ikishatolewa, ile miezi inakuwa ahadi. Mtafiti mkuu wa NIH hawezi kupunguza muda wake kwa asilimia 25 au zaidi bila kibali. Mwenye miezi 4 akitaka kubaki na 3, chuo kinaiandikia NIH na kusubiri ikubali kwanza.