Chapa Isiyokakamaa Kwenye Fulana

Pitisha kiganja juu ya mchoro. Ukihisi ukingo, kama plasta iliyobandikwa kifuani, wino umelala juu ya kitambaa badala ya kuzama kwenye nyuzi. Wengi hulaumu wino, ilhali mara nyingi kosa ni wingi wake.

Anza na mchoro. Doa kubwa lililojaa rangi litakakamaa hata kwa wino mzuri. Livunje kwa vitone au mikwaruzo, au acha rangi ya fulana yenyewe ionekane pale inapofaa.

Kama unatumia plastisoli, yaani wino wa plastiki unaoiva kwa joto, tazama wavu wa skrini, kile kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu ambacho wino hupenyezwa kupitia matundu yake. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita humwaga wino mwingi. Kwa fulana nyeupe au za rangi hafifu, panda hadi 77. Wino ukiwa mzito, ongeza kilainishi cha plastisoli kinachoiva pamoja nao, asilimia 5 hadi 10 ya uzito, ukifuata maelezo ya kopo. Thina ya rangi za ukutani isiguse ndoo hiyo: wino hautaiva sawasawa na utabanduka ukifuliwa. Inua skrini milimita 2 au 3 juu ya fulana, tumia skwiji (kipande cha mpira cha kusukumia wino) yenye ukingo mkali, kisha vuta mara moja. Kila mvuto wa ziada unaongeza unene.

Ulaini wenyewe hasa uko kwenye wino wa maji, juu ya pamba asilimia 100. Hapa emalsheni, dawa inayopakwa kwenye wavu kuziba sehemu zisizo za mchoro, lazima iwe ya kuhimili maji, la sivyo stensili hiyo itaanza kumomonyoka kazi ikiwa katikati. Adui mwingine ni feni: wino hukaukia ndani ya wavu na mistari myembamba inapotea. Izime au igeuze, weka chupa ya kunyunyizia maji karibu, na kila ukimaliza kuchapa, inua skrini kisha funika mchoro kwa wino. Ukienda kunywa chai, osha kwanza.

Fulana nyeusi ndiyo mtihani. Wino mweupe wa kawaida hufunika kwa unene, na unene ndio unaoukimbia. Tumia wino wa kung'oa rangi, unaoondoa rangi ya kitambaa badala ya kuifunika: changanya unga wake asilimia 6 hadi 8 ya uzito wa wino, kiasi cha kazi ya siku hiyo tu, maana nguvu yake huisha baada ya saa chache. Fungua madirisha, vaa barakoa ya kuchuja gesi. Mvuke wake una harufu kali na unadhuru. Jaribu fulana moja kwanza, kwa kuwa baadhi ya rangi nyeusi hazing'oki, na poliesta haing'oki kabisa. Fulana hizi zifuliwe kabla ya kuvaliwa.

Kuivisha wino kwa joto kuna mtego. Plastisoli inataka wino wenyewe ufike takribani sentigredi 160. Wino wa maji unahitaji joto kama hilo, lakini maji yote yatoke kwanza, hivyo huchukua dakika 2 au 3 kwenye tanuri lenye upepo. Kwa mashine ya pasi, funika kwa karatasi ya tefloni, bana sekunde 20, inua mvuke utoke, rudia hadi dakika moja na nusu. Fua fulana moja ya majaribio mara tatu kabla ya kukabidhi mzigo: rangi ikipauka, ongeza muda, si joto.