Punda mchanga hafungwi mkokoteni siku anayonunuliwa

Uvunaji wa viazi ukikaribia huku Nakuru, Kenya, maeneo ya Molo, Elburgon na Mau Narok, kosa ni lile lile. Mtu ananunua punda sokoni Jumamosi, na Jumatatu asubuhi ameshamfunga mkokoteni wenye magunia manane. Gunia la viazi ni kilo 50, kwa hivyo hizo ni kilo 400 juu ya mnyama ambaye hajawahi kusikia gurudumu likilia nyuma yake. Anasimama katikati ya kilima, masikio yamelala, miguu imekauka, na fimbo inaanza kufanya kazi. Kabla viazi havijaisha shambani, punda ana kidonda kifuani na mwenyewe anatafuta wa kumuuzia.

Mambo ya majani, maji na dawa ya minyoo mnayajua. Leo nataka tulimalize hili moja.

Najua punda si rahisi kupatikana siku hizi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Katikati hapo vichinjio vya punda vilikuwa kazini, kimoja kikiwa hapa kwetu Naivasha, na ngozi zilikuwa zikienda China. Waliokomaa walipopungua, tukaanza kununua watoto na kuwatumikisha kama wazee. Lakini punda akitunzwa hufanya kazi miaka mingi sana. Ukimvunja akiwa na miaka miwili, umepoteza miaka hiyo yote ili uokoe wiki sita.

Anza na mdomo, usianze na maneno ya muuzaji. Inua mdomo wa juu uangalie meno ya mbele. Ya utoto ni madogo, meupe, na yamebanwa shingoni karibu na ufizi. Ya ukubwani ni mapana, yana rangi ya manjano kidogo. Jozi ya katikati hubadilika akikaribia miaka mitatu, inayofuata akikaribia minne, ya pembeni akikaribia mitano. Akiwa na jozi moja tu mpya, mfundishe kutembea na kamba, basi. Jozi ya pili ikishatoka juu na chini, hapo ndipo mkokoteni unaanza kuzungumziwa.

Wiki ya kwanza na ya pili ni kamba ya kichwani: kwenda, kusimama, kugeuka. Dakika 15 asubuhi, dakika 15 jioni, usizidishe. Maneno ni mawili, «twende» na «simama», na kila mtu nyumbani ayatumie hayo hayo. Kijana atakayeendesha mkokoteni awepo tangu siku ya kwanza, maana naye anafundishwa. Kuna boma nililofika ambako baba anasema «simama», mtoto anapiga mluzi, na kijana wa kazi anavuta mkia. Huyo punda atamtii nani? Akitii, legeza kamba papo hapo. Ukichelewa hata sekunde tatu, hatajua amepumzishwa kwa sababu gani.

Wiki ya tatu na ya nne, hamia nyuma yake na kamba mbili ndefu, mita tano kila moja, zikipita ubavuni. Tembea mita mbili na nusu nyuma yake, kando kidogo, ili akikuona asishtuke na akirusha teke lisikufikie. Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Punda asiyeongozeka kwa nyuma bila mzigo hataongozeka akiwa na mzigo.

Wiki ya tano mfunge mkanda wa kifuani na avute tairi kuukuu la gari dogo, likiwa mita tatu nyuma yake. Azoee kelele. Mkanda uwe na upana wa sentimita 8, yaani vidole vinne. Tumia turubai au ngozi laini. KAMBA YA NAILONI HAPANA. Nimeshaona vidonda vya kutosha. Mkanda ukae juu ya nundu ya bega na chini ya koo: ukipanda unambana pumzi, ukishuka unazuia bega lisisogee. Kiganja chako kipite kwa wepesi kati ya mkanda na kifua.

Wiki ya sita ndiyo ya mkokoteni, tena mtupu, watu wawili, mmoja akiwa kichwani mwake. Akiganda, usimpige. Punda akiogopa husimama, hakimbii kama farasi. Mwache aangalie kinachomtisha, halafu mrudishe nyuma hatua mbili na uanze tena.

Kisha ongeza mzigo: mitungi minne ya lita 20 ya maji kwa wiki nzima, halafu magunia matatu ya viazi, na usipite hapo mpaka jozi ya tatu ya meno itoke. Panga mzigo juu ya ekseli. Ukiinua ncha za mikono ya mkokoteni, ziwe nyepesi mkononi lakini zisiruke juu zenyewe.

Akiondoka kwa neno tu, na kifua kikavu bila manyoya yaliyosuguka, yuko tayari.

Safari za kwanza zipite njia za mashambani. Barabara kuu ya Nakuru–Eldoret yenye malori asiione kabla ya mwezi mzima wa kazi nyepesi, na hata hapo aende mchana, na vibandiko vinavyong'aa viwe nyuma ya mkokoteni.