Klabu Yenu Inakwenda Kucheza Kriketi Uingereza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Klabu ya ridhaa ikipitisha wazo la ziara ya Uingereza, kikao kizima huishia kubishana nani aende. Suala hilo lisubiri. Kwanza ijulikane mtacheza na nani na siku gani, kwa sababu viza, tiketi, malazi na hata idadi ya wachezaji vyote vinafuata ratiba ya mechi.

Msimu wa Waingereza unaanza mwishoni mwa Aprili na kumalizika Septemba. Jumamosi karibu kila klabu, ya mjini na ya kijijini, ina mechi ya ligi. Ukiandika kuomba Jumamosi utajibiwa kwa upole kwamba haiwezekani. Ombeni Jumapili na siku za kazi, na andikeni tangu Oktoba au Novemba ya mwaka unaotangulia, maana mechi za kirafiki hupangwa kipindi cha baridi, uwanja ukiwa umefungwa. Katika barua hiyo semeni ukweli kuhusu kiwango chenu. Kama mna kijana anayechezea timu ya taifa, atajwe. Kama nusu ya timu ni wazee wa miaka 50 wanaocheza kwa afya, semeni pia. Mwenyeji atawapangia kikosi kinacholingana nanyi, na mechi itakuwa na utamu hadi ova (mipira sita ya mrushaji mmoja) ya mwisho. Kwa ziara ya wiki mbili, mechi 6 zinatosha. Anayepanga mechi kila siku hajaiona mvua ya Uingereza, wala hajui mgongo wa mrushaji wa miaka 40 unavyokuwa siku ya tatu mfululizo.

Viza ndiyo kazi kubwa. Mkenya, Mtanzania na Mganda wote wanaihitaji. Viza ya kawaida ya mgeni inamruhusu mchezaji wa ridhaa kushiriki michezo kwa muda usiozidi miezi 6, ila asilipwe kwa kucheza. Maombi yanaweza kutumwa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Tumeni mapema kadiri mnavyoruhusiwa, kwani Juni kila mtu anakwenda huko. Klabu haiombi viza kama kundi. Kila mchezaji anapimwa kivyake: kazi yake, familia yake, akaunti yake ya benki. Hapo katibu anahitajika kweli. Aandae barua moja ya klabu, barua za mwaliko kutoka kwa wenyeji, na ratiba yenye tarehe na malazi, kisha ahakikishe fomu za wote zinasema jambo lilelile. Mmoja akiandika siku 14 na mwenzake 16, afisa atakuwa na haki ya kujiuliza. Fedha ya safari isiingizwe kwenye akaunti ya mchezaji kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba bila maelezo ya ilikotoka. Ombeni kwa ajili ya watu 18 mkitarajia kusafiri 15, na msilipie tiketi isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 panahitajika barua ya mzazi inayoonyesha nani anasafiri naye na atalala wapi.

Bima isomwe hadi maandishi madogo. Matibabu ya kulazwa hospitali kwa mgeni asiye mkazi hulipiwa, na gharama yake si ya kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp. Bima nyingi za safari zina kifungu kuhusu michezo, kwa hiyo muulizeni wakala kwa maandishi kama inagharamia majeraha ya kriketi ya mpira mgumu. Jibu la mdomo halitoshi.

Sasa uwanja wenyewe, na hapa naomba tuchelewe kidogo. Juni 1975, Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilipochezwa Uingereza, Afrika Mashariki ilipeleka timu moja yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walikuwa watu wenye kazi zao, nahodha akiwa Harilal Shah. Pale Edgbaston, Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand alipiga mikimbio (pointi) 171 bila kutolewa. Wiki moja baadaye, kwenye uwanja uleule, John Snow wa Uingereza alichukua wiketi 4, yaani alitoa wapigaji wanne, akiruhusu mikimbio 11 tu, na Afrika Mashariki wakaishia mikimbio 94. Mimi nawaheshimu sana wazee wale. Walikwenda kupambana na wanaoishi kwa mchezo huu, kwenye hali ya hewa ya wenyewe, na msafara wa ridhaa unaoondoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam leo utakutana na hali ya hewa ileile, hata kama mpinzani ni mwalimu na fundi bomba.

Wengi wetu tumekulia kwenye mkeka wa makumbi uliotandazwa juu ya saruji au udongo ulioshindiliwa. Mkeka unarusha mpira juu, na kila mara kwa namna inayofanana, kwa hiyo mpigaji anajifunza kuusukuma mbele kwa kujiamini. Nyasi za klabu ya kijijini, mvua ikiwa imenyesha usiku, zinafanya kinyume. Mpira unafika taratibu, unakaa chini, na mara nyingine unasita kidogo kabla ya kuja. Mpigaji wa mkeka tayari ameshazungusha gongo, na mpira unapaa kwa upole kwenda mikononi mwa aliyesimama mbele. Dawa yake ni kusubiri: piga kwa kuchelewa, mpira ukiwa chini ya macho, mikono karibu na mwili. Warushaji nao wabadilike. Mpira mfupi, unaodunda mbali na mpigaji na kumtisha mtu hapa nyumbani, unafika kule kifuani ukiwa umechoka, tayari kupelekwa kwenye kamba. Rusheni mbele zaidi, karibu na miguu ya mpigaji, mpira upate nafasi ya kupinda.

Na utapinda. Shikeni mpira wa Dukes, unaotumika sana Uingereza, muuangalie kabla ya safari. Una mistari sita ya mishono, yote imeshonwa kwa mkono, na ukipitisha kidole gumba utahisi uzi umeinuka juu ya ngozi. Rangi yake imekolea na inang'aa, na upande mmoja ukisuguliwa vizuri kwenye suruali unabaki uking'ara ova nyingi. Chini ya mawingu mazito unaweza kuanza nje ya nguzo tatu za nyuma ya mpigaji na kuishia kwenye pedi za miguu yake. Nunueni hata mipira 6 ya aina hiyo miezi mitatu kabla, na ndiyo itumike mazoezini peke yake. Kama mna njia ya kupata pichi (ukanda wa katikati mpira unapodundia) ya nyasi, kama ile ya Nairobi Gymkhana ambako Kenya iliifunga Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia la 2003, ombeni hata siku mbili za mazoezi.

Viatu vya soli ya mpira vinavyotosha kwenye mkeka vitawaangusha kwenye nyasi zenye unyevu. Kila mrushaji awe na viatu vyenye njumu za chuma, avivae mwezi mzima kabla ya kuondoka ili vimzoee, na msafara uwe na njumu za akiba na ufunguo wa kuzifungia. Vile vya soli ya mpira pia viende, kwani baadhi ya viwanja vina pichi za bandia na njumu za chuma haziruhusiwi juu yake. Sweta mbili nyeupe kwa kila mtu, hata kama ni Julai. Mikono yenye baridi haidaki mpira.

Kuna desturi ambazo mgeni akizijua anapendwa siku ya kwanza. Kwenye mechi za kirafiki mara nyingi hakuna waamuzi wa kulipwa wala mtu wa kuandika alama. Upande unaopiga ndio unaotoa waamuzi wawili na mwandishi, wakipokezana kadiri wiketi zinavyoanguka. Maana yake mchezaji namba 8 wenu atavaa koti jeupe na kuamua kama rafiki yake ametoka. Wafundisheni wote sheria ya mguu mbele ya wiketi (mpigaji hutoka mguu wake ukizuia mpira uliokuwa unakwenda kugonga nguzo), ishara za mwamuzi, na namna ya kujaza kitabu cha alama kwa penseli bila kuruka mpira hata mmoja. Hakuna kinachochafua jina la klabu haraka kama mwamuzi anayewapendelea wenzake. Kila timu huja na mpira wake wa kurushia, kwa hiyo mpira mpya mmoja kwa kila mechi uwe kwenye bajeti.

Ulizeni pia aina ya mechi. Nyingine ni za ova 35 au 40, nyingine ni za muda: timu ya kwanza inapiga hadi nahodha atangaze imetosha, na ya pili ikishindwa kufikisha mikimbio lakini ikabaki na wiketi, mechi ni sare. Wachezaji wetu waliozoea ova zenye ukomo hushangaa kuona mtu akizuia mpira kwa saa nzima kwa makusudi. Ni mchezo halali na una raha yake, ila nahodha lazima aufikirie kabla.

Katikati ya mechi kuna chai, na hiyo chai ni karamu ndogo: mikate iliyojazwa, keki, matunda. Klabu zetu zina Waislamu, Wahindu wasiokula nyama, na wengine wasiogusa hata yai. Mwenyeji aambiwe wiki mbili kabla, kwa idadi, kwa sababu anayeandaa mara nyingi ni mwanachama aliyejitolea, na mkate wa nyama ya nguruwe ni wa kawaida kabisa kule. Kuhusu swala, mwishoni mwa Juni jua la London linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama kiasi cha saa tatu na dakika ishirini usiku. Adhuhuri inaingia karibu saa saba mchana, muda ambao mechi nyingi zinaanza. Ombeni kona ya chumba cha kubadilishia nguo mapema, na nahodha apange wanaoingia kupiga kwa kuzingatia hilo.

Usafiri wa ndani una mtego mmoja. Leseni ya Mkenya au Mtanzania inamruhusu mgeni kuendesha gari dogo huko kwa miezi 12, lakini gari lisizidi viti 8 vya abiria. Basi dogo la watu 16 hamtaliendesha wenyewe. Kodini lenye dereva, au magari mawili madogo. Upande wa barabara ni uleule wetu, na hata soketi za umeme ni zilezile za pini tatu.

Magongo yaende kwenye mizigo ya chini, si mkononi. Mifuko ya kriketi ni mizito, kwa hiyo ipimeni nyumbani na mgawane vifaa vya klabu ili asibebeshwe mtu mmoja. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, hata viwe vya kula njiani. Pilau ya mama ibaki mezani. Bizari kavu na kahawa hazina shida, na kahawa ni zawadi nzuri. Kikoi au bendera ndogo ya klabu kwa kila mwenyeji ni heshima inayokumbukwa, na kwa kawaida nahodha ndiye anayeitoa baada ya mechi, kwa maneno machache aliyoyaandaa.

Siku ya mapumziko mojawapo iwe ya Lord's, uwanja wa London ulio nyumbani kwa klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) iliyoanzishwa 1787, ambayo ndiyo mwenye sheria za mchezo hadi leo. Nafasi za kutembezwa hununuliwa kabla, na siku za mechi kubwa hazipo. Simameni upande mmoja wa uwanja muangalie mteremko wake, kiasi cha mita 2.5 kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye televisheni hauonekani.

Jambo la mwisho la kuamua kabla ya kuondoka ni mwaliko wa kurudisha. Wenyeji watawauliza, na nahodha asijibu kwa "karibuni siku moja." Aende na tarehe. Januari na Februari viwanja vyao vimelala na vyetu vimekauka, kwa hiyo kamati ikae mapema, ikubaliane wiki ipi uwanja utakuwa wazi na wanachama gani watapokea wageni majumbani.